Kutoka Kiswere hadi Husuni Kubwa: Jumba la Birika la Pembenane

Kiswere ni kijiji na ghuba katika sehemu ya kusini ya Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, kaskazini kidogo ya mahali ambapo Mto Mbwemkuru unamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Ghuba hiyo imeingia ndani ya nchi kavu kiasi cha kuvikinga vyombo dhidi ya mawimbi ya bahari kuu, na kingo zake zimezungukwa na mikoko, yaani miti inayoota katika tope la maji ya chumvi na ambayo mizizi yake huonekana na kufichwa kadiri maji yanavyokupwa na kujaa. Kwa mtu anayetaka kuyaelewa majumba ya mawe ya Kilwa, ambayo kwa kawaida husimuliwa kuanzia kwa masultani na dhahabu, ghuba ya namna hii ni mahali pafaapo kuanzia safari, kwa sababu vitu vilivyoyajenga majumba hayo vingali vinaonekana hapa katika hali yake ya asili: tumbawe baharini, mkoko ufukweni, na nyumba ya miti na udongo iliyo mama wa nyumba zote za pwani.

Msafiri anayepita katikati ya nyumba za vijiji vya pwani hii hukuta ujenzi ambao kanuni zake ni chache na ni za kale. Nguzo husimikwa ardhini, fito hufungwa kwa kulala, udongo hukandikwa kati yake, na paa la makuti huezekwa juu ya pau na boriti. Boriti ni gogo la mkoko lililonyooka, ambalo sifa yake kubwa ni ugumu na uwezo wa kuhimili mchwa, na ambalo udhaifu wake ni kwamba halipatikani kwa urefu wowote autakao fundi. Pale wajenzi wa pwani walipoanza kujenga kwa mawe na kulaza dari bapa la mawe na chokaa juu ya boriti hizo hizo, uzito wa dari uliwalazimisha kuzuia upana wa chumba usizidi kiasi cha mita 2.5 hadi 3, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za Waswahili, kutoka Lamu hadi Kilwa, ni virefu na vyembamba. Kipimo hicho kilitoka kwenye mkoko, na msafiri aondokaye Kiswere akiwa nacho akilini ana ufunguo wa kusomea jumba analoliendea.

Njia ya nchi kavu kutoka Kiswere hutoka kwenye ghuba na kuifikia barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam, kisha huelekea kaskazini kupitia Kiranjeranje na Mandawa, katika nchi ya mikorosho, minazi na misitu mikavu, hadi Nangurukuru, ambapo tawi la barabara hukata kuelekea mashariki na kuishia Kilwa Masoko. Kabla ya barabara hiyo kuwapo, mawasiliano ya vijiji hivi yalikuwa kwa njia ya bahari, na mwenye kusafiri alingoja upepo: kusi, unaovuma kutoka kusini katika miezi ya katikati ya mwaka, ulimpeleka mtu wa Kiswere Kilwa, na kaskazi, unaovuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa Machi, ulimrudisha kwao. Pepo hizo hizo, kwa masafa marefu zaidi, ndizo zilizounganisha Kilwa na Aden, Ghuba ya Uajemi na India, na ndizo zilizoufanya mji huo kuwa kituo cha biashara tangu karne nyingi kabla ya meli za moshi.

Kilwa ni jina la miji mitatu ambayo ni lazima itenganishwe. Kilwa Kivinje, iliyoko kaskazini, ilikua katika karne ya 19 kuwa bandari ya misafara ya kutoka ziwa Nyasa. Kilwa Masoko, iliyoko kwenye rasi ya bara, ni makao makuu ya wilaya ya sasa. Na Kilwa Kisiwani, ambayo ndiyo Kilwa ya kale, ni kisiwa kinachoonekana kwa macho kutoka gati ya Masoko. Mgeni hupata kibali cha kuingia katika eneo la magofu akiwa bado bara, kisha huvuka mlango wa bahari kwa mashua au boti, na kitu cha kwanza kinachomlaki ni Gereza, ngome iliyo kando ya maji, ambayo umbo lake la sasa ni la zama za utawala wa Waomani ingawa Wareno walijenga ngome yao katika mji huo mwaka 1505. Nyuma ya Gereza umesimama Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11 na ambao ulipanuliwa sana katika karne ya 14, na nguzo zake za upande wa kusini, zilizojengwa upya baadaye, zina pande nane. Magharibi ya mji yapo Makutani, jumba la masultani wa nyakati za baadaye, lililo ndani ya boma ambalo mpango wake unakaribia pembetatu, na ambalo jina lake linahusishwa na ukubwa wa kuta zake.

Pembenane ya nguzo na pembetatu ya boma hilo huashiria kwamba wajenzi wa Kilwa hawakuwa wafungwa wa chumba chembamba cha mstatili. Hata hivyo, ushahidi mkubwa kuliko wote wa jambo hilo haupo mjini, bali upo kiasi cha kilometa moja na nusu mashariki yake, ambako njia ya miguu hupita kati ya mashamba, minazi na mibuyu hadi kwenye ncha ya jabali lililochomoza baharini. Hapo ndipo lilipo jumba liitwalo Husuni Kubwa. Neno husuni limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome, na wenyeji walilitumia kwa magofu mawili yaliyo jirani, Husuni Kubwa na Husuni Ndogo, yanayotenganishwa na bonde dogo. Husuni Ndogo ina sura ya ngome kweli, kwa kuwa ni uwanja wa mstatili uliozungushiwa ukuta mnene wenye minara midogo, na matumizi yake ya asili yangali yakijadiliwa na wataalamu. Lakini Husuni Kubwa, licha ya jina lake, ilikuwa makazi ya mfalme na ghala la biashara yake.

Umbo la jumba hili haliwezi kuelezwa bila kuelezwa kwanza ardhi iliyolibeba. Ncha ya jabali ni nyembamba upande wa kaskazini, inakotazama bahari, na hupanuka kadiri inavyoelekea kusini, na mjenzi hakusawazisha ardhi hiyo ili aweke juu yake mpango wa mraba uliokwisha kuchorwa, bali aliliacha jumba lifuate jabali kwa urefu wa zaidi ya mita 100, likishuka na kupanda pamoja nalo. Ngazi ya mawe inapanda kutoka ufukweni, ambako mgeni wa zamani aliyekuja kwa chombo aliteremka, na humfikisha kwenye sehemu ya kifalme, ambayo ina mabehewa kadhaa yaliyopangwa moja baada ya jingine. Behewa ni uwanja wa ndani ulio wazi juu, unaozungukwa na vyumba, na unaoingiza hewa na mwanga katika nyumba ambayo kuta zake za nje hazina madirisha mengi. Mojawapo ya mabehewa hayo limechimbwa chini ya usawa wa majirani zake na lina ngazi pana upande mmoja, mpangilio uliowafanya watafiti waamini kuwa hapo ndipo sultani alipokaa kupokea wageni na kusikiliza mashauri.

Kando ya behewa hilo lipo birika la kuogea ambalo limelifanya jumba hili lijulikane duniani. Birika hili limejengwa katika umbo la pembenane ndani ya uwanja wa pembe nne, na kuta zake zimepakwa lipu laini ya chokaa ili zishike maji. Katika sanaa ya ujenzi ya nchi za Kiislamu pembenane ina kazi maalumu, kwa sababu ni umbo lililo kati ya mraba na duara: fundi anayetaka kuweka kuba, yaani paa la mviringo, juu ya chumba cha mraba hukata kwanza pembe nne za chumba hicho ili apate pande nane, na juu ya pande hizo nane ndipo duara linapokaa bila kuanguka. Birika la Husuni Kubwa halikuwa na kuba ya kubeba, na kwa hiyo pembenane yake haikulazimishwa na mahitaji ya ujenzi, bali ilichaguliwa kwa uzuri wake na kwa elimu iliyodhihirishwa nayo, katika jumba ambalo sultani wake alitaka wageni wa kutoka ng'ambo ya bahari watambue kwamba wamefika kwa mtu ajuaye mambo.

Kuba zenyewe hazikukosekana mahali pengine katika jumba hilo. Masalio ya mapaa yaliyokutwa kwenye kifusi yanaonyesha kuwa baadhi ya vyumba viliezekwa kwa kuba na vingine kwa dari zilizopinda kama nusu ya pipa lililolazwa, na namna zote mbili zilimwezesha fundi kuepuka kipimo cha boriti, kwa kuwa uzito wa paa la namna hiyo huteremkia ukutani bila gogo la kuushikilia. Vyumba vilivyobaki, ambavyo ni vingi, viliendelea kutii mkoko na ni vyembamba kama vyumba vya nyumba yoyote ya mawe ya pwani. Kwa hiyo Husuni Kubwa ni jumba la kienyeji lililopanuliwa mawazo, wala si jengo la kigeni lililohamishiwa Afrika, ingawa baadhi ya wataalamu wameulinganisha mpango wake na majumba ya kifalme ya Iraki ya zama za Abbasia. Kusini ya sehemu ya kifalme lipo behewa kubwa la pembe nne lililozungukwa na safu za vyumba, ambalo mwanaakiolojia aliyelifukua alilieleza kuwa mahali pa kuhifadhia na kuuzia bidhaa. Kwa jumla jumba lote lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na hakuna nyumba nyingine ya kale iliyogunduliwa katika Afrika Mashariki iliyolifikia kwa ukubwa.

Aliyelijenga anajulikana kwa jina, jambo lililo nadra kwa majengo ya kale ya pwani. Maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika tumbawe na kupatikana katika kifusi cha jumba yanamtaja al-Hasan bin Sulaiman kwa lakabu ya mfalme mshindi, na huyo ni sultani wa nasaba ya Mahdali aliyetawala Kilwa katika theluthi ya kwanza ya karne ya 14, ambaye pia aliitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Tarikhi ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inasimulia kuwa katika ujana wake alikwenda kuhiji na akakaa Aden akisoma, na msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alimkuta katika kiti chake mwaka 1331 na akamsifu kwa ucha Mungu na utoaji. Utajiri uliomwezesha kujenga ulitokana hasa na dhahabu iliyochimbwa katika nyanda za juu za Zimbabwe na kupitia bandari ya Sofala, ambayo Kilwa iliidhibiti; na sarafu ya shaba yenye jina lake, iliyopatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, ni ushahidi mdogo kwa ukubwa wake na mzito kwa maana yake kuhusu uhusiano huo.

Jumba hilo, hata hivyo, halikukamilika. Sehemu zake kadhaa zilisimamishwa kabla fundi hajamaliza, na kipindi cha kukaliwa kwake kilikuwa kifupi, ilhali mji wenyewe uliendelea kuwa na watu na misikiti yake ikaendelea kujengwa upya. Mchanganyiko huo wa fahari na ufupi wa maisha ndio unaolipa jumba thamani ya pekee kwa mtafiti, kwa sababu nyumba iliyokaliwa kwa karne nyingi hufunika sura yake ya kwanza kwa marekebisho ya kila kizazi, na nyumba iliyoachwa mapema huhifadhi nia ya mjenzi wake kama alivyoikusudia. Kwa zaidi ya miaka 600 mvua, mizizi na wavunaji wa mawe vililipunguza bila kulibadilisha, hadi mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyekuwa mhifadhi wa kwanza wa mambo ya kale wa Tanganyika na baadaye mkurugenzi wa taasisi ya Waingereza ya utafiti wa historia na akiolojia ya Afrika Mashariki, alipoyafukua magofu ya Kilwa katika miaka ya mwisho ya 1950 na ya mwanzo ya 1960. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1974 katika vitabu viwili, na mpango wa jumba unaotumiwa na wasomi hadi leo unatokana na uchimbaji huo.

Kufukua, hata hivyo, ni tendo lenye gharama kwa kitu kinachofukuliwa. Ukuta uliofunikwa na kifusi umelindwa na kifusi hicho hicho, na siku unapofichuliwa huanza kupokea mvua ambayo ulikuwa umeepushwa nayo kwa karne nyingi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliyaweka magofu ya namna hii chini ya ulinzi wa dola, na mwaka 1981 UNESCO iliyaandikisha Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini heshima hiyo haikuzuia maji kuteremka. Mwaka 2004 magofu hayo yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ilikuwa hali ya Husuni Kubwa, ambayo upande wake wa mashariki ulikuwa ukitoweka kidogo kidogo pamoja na udongo wa ukingo wa genge.

Tatizo la mahali hapo lina ugumu ambao msafiri huuona kwa macho akisimama juu ya genge hilo. Maji ya mvua yanayotiririka juu ya sakafu za jumba hubeba udongo na kuuangusha baharini, na kila sehemu ya udongo inayoondoka hudhoofisha msingi wa ukuta uliopo ukingoni. Miti na vichaka vilivyoota kwenye mteremko hupunguza kasi ya maji na kushikilia udongo, kwa hiyo kuvikata vyote ni kuharakisha maporomoko. Lakini mizizi ya miti hiyo hiyo huingia katika nyufa za kuta, hunenepa ndani yake na kuyatenganisha mawe, kwa hiyo kuiacha yote ni kuruhusu ukuta upasuliwe. Kanuni moja haitoshi kwa jumba zima: mti wa mteremkoni na mti wa ukutani, hata ikiwa ya jamii moja, inahitaji uamuzi tofauti, na uamuzi huo unahitaji mtu aliyepo, anayelijua jumba na anayerudi kuliangalia kila baada ya msimu wa mvua.

Jambo la pili ni chokaa. Mafundi wa zamani walipanga magogo, wakaweka juu yake vipande vya matumbawe na kuvichoma, kisha wakaipoza chokaa iliyopatikana kwa maji na kuiacha ikae kabla ya kuitumia. Chokaa ya namna hiyo ni laini kuliko jiwe, hupumua, yaani hupitisha unyevu na kuuachia hewani, na ukuta ukisogea kidogo hufuata mwendo wake bila kupasuka. Saruji ya kisasa ina tabia ya kinyume: ni ngumu kuliko tumbawe, huzuia unyevu na chumvi ndani ya ukuta, na chumvi hiyo inapokauka na kuganda huvunja uso wa jiwe lililokusudiwa kulindwa. Ndiyo maana kazi ya uhifadhi iliyofanywa Kilwa na Songo Mnara katika miaka iliyofuata, chini ya Idara ya Mambo ya Kale na kwa misaada iliyotoka katika nchi kama Ufaransa, Japani na Marekani na kutoka World Monuments Fund, ilitegemea chokaa na ilihusisha wanavijiji wa visiwa hivyo waliofundishwa uashi wa kale. Mwaka 2014 magofu yaliondolewa katika orodha ya hatari, na hatua hiyo ilikuwa matokeo ya mikono ya mafundi hao kwa kadiri ileile ilivyokuwa matokeo ya maamuzi ya mikutano.

Usimamizi wa eneo hilo, ambao kwa miaka mingi ulikuwa wa Idara ya Mambo ya Kale, sasa umo mikononi mwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, inayojulikana kwa kifupi kama TAWA, na idadi ya wageni wanaofika kwa meli na kwa barabara imeliongezea jumba manufaa na mzigo kwa pamoja. Katika mazingira hayo huibuka wazo la kulijenga upya, kuzirudisha kuba na kulijaza maji birika, ili mgeni aone fahari ya zama za sultani wake. Wazo hilo lina nia njema, lakini linapingana na ukweli wa jumba lenyewe, kwa sababu hakuna hali ya ukamilifu ya kulirudisha: Husuni Kubwa haikukamilika hata katika uhai wa sultani wake, na ukamilishaji wowote wa sasa ungekuwa ujenzi wa karne ya 21 uliowekewa jina la karne ya 14. Kinachodaiwa kwa kizazi cha sasa ni kazi ya kiasi kuliko hiyo na ngumu kuliko hiyo, nayo ni kuhakikisha kwamba ukuta uliosimama leo unasimama kesho, kwa vifaa vilevile ambavyo ulijengewa.

Wakati wa kurudi, mashua inayotoka kisiwani hupita chini ya jabali, na kutoka majini ndipo umbo la jumba linapoeleweka zaidi, kwa kuwa kuta huonekana zikiendeleza mstari wa mwamba hadi pasitambulike kwa urahisi palipoishia jiwe la Mungu na kuanzia jiwe la fundi. Katika fukwe za kisiwa, kama ilivyo katika ghuba ya Kiswere, imeota mikoko, na kazi yake ya leo ni tofauti na ile ya zamani. Zamani mkoko ulikatwa ukawa boriti, ukapima upana wa chumba na ukabeba dari. Leo mkoko ulio hai huvunja nguvu ya wimbi na kushika tope, na kwa kufanya hivyo huilinda ardhi ambayo juu yake majengo ya kale yamesimama. Mwanakijiji anayeuacha mkoko usimame ufukweni, fundi anayechagua chokaa badala ya saruji, na mlinzi anayezibua mfereji wa maji kabla ya masika wanashiriki kazi moja na waashi wa al-Hasan bin Sulaiman. Waashi hao waliacha jumba bila kulimaliza, na kulitunza ndiyo sehemu ya kazi yao iliyobaki.